Mwalimu Dishon na Kiitikio cha Wenyewe

Mwalimu Dishon alikuwa na dhambi moja aliyoipenda kuliko zote, na aliitenda mchana kweupe mbele ya wateja. Aliimba nyimbo za mapenzi ndani ya kisiagi, kinu chake cha kusaga mahindi.

Kisiagi chake kiko Karungu, kando ya njia inayoshuka kwenda kule wanakoanika omena, dagaa wa ziwa. Injini ni ya dizeli, ya zamani, na ikinguruma unaweza kutangaza vita humo ndani na hakuna atakayekimbia. Dishon huchomeka nyaya za simu masikioni, akazifunika kwa kofia ya sufu, akamwaga mahindi kwenye mdomo wa kinu, kisha akafungua koo lote. Akina mama waliosimama na ndoo zao waliona midomo ikienda, macho yamefumbwa, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Wakaguswa. Mtu wa Mungu huyu, hata kazini anaomba. Kumbe wakati huo mtu wa Mungu alikuwa akimsihi beibi fulani asimkaushie.

Aliitwa Mwalimu ingawa hajawahi kushika chaki. Alikuwa mwalimu wa kwaya, cheo ambacho pale kijijini kina heshima kuliko cha chifu, kwa sababu chifu hawezi kukuhamisha kutoka soprano. Na mwalimu wa kwaya huyu alikuwa jemadari wa vita dhidi ya nyimbo za dunia. Kabla ya kila mazoezi lazima atoe dongo.

"Hawa wasanii wenu wa leo hawana hata kikohozi chao wenyewe," angesema. "Biti ya Nigeria, mavazi ya Marekani, sauti ya mashine. Kilicho chao ni njaa peke yake."

Kwaya ingecheka. Yeye angepanga tai, akainua mikono, na kidole chake cha mguu ndani ya kiatu kingali kinapiga ile biti ya Nigeria.

Sasa kulikuwa na msichana anaitwa Trizah. Mama yake, Pamela, ni muuza omena na kiongozi wa akina mama kanisani, mwanamke mpole lakini usimzoee. Trizah aliimba chini ya mikono ya Dishon tangu akiwa hafiki kwenye meza ya madhabahu. Alipokua alienda Homa Bay, akafanya kazi saluni, akisuka watu nywele huku akitunga nyimbo juu ya vichwa vyao. Siku moja akiwa nyumbani kwa mama yake alijirekodi kwa simu, uani, bata wakipiga kelele nyuma, akamtumia mwalimu wake kwa WhatsApp.

"Mwalimu, nimetunga. Sikiza uniambie ukweli."

Wimbo ulikuwa wa msichana ambaye mpenzi wake alienda Osiri kuchimba dhahabu, akakosa, akaona haya kurudi. Kiitikio kilimwambia: rudi hata mikono mitupu, mlango sijaufunga. Basi. Hakuna maneno makubwa. Lakini ile sauti ilipanda pale kwenye "mitupu", ikakaa juu kidogo kama mtu anayechungulia ukutani, kisha ikashuka polepole, na Dishon akajikuta ameketi juu ya gunia la mtu.

Akarekodi jibu kwa sauti yake ya mazoezi, akimwita mwanangu kwa Kijaluo: "Nyathina, huu ni upuuzi wa dunia. Hakuna kipya hapo. Futa."

Akautuma ujumbe. Akachomeka nyaya. Akausikiza wimbo tena, na msimu mzima wa mvua hakusikiza kingine. Alimwambia mtoto wa watu afute, yeye hakufuta.

Angeachia hapo, tungesema ni mnafiki wa kawaida, na hao Karungu wapo wa kutosha. Lakini ukaja mkutano wa kwaya kule Homa Bay, na kila kwaya ilitakiwa iende na wimbo wake yenyewe, usioimbwa na mtu mwingine. Dishon alikaa na kalamu mpaka wino ukakauka. Siku ya mazoezi alisimama mbele ya watu hana kitu. Emmaculate, soprano mkuu, mwanamke asiyejua kunong'ona, akaweka mkono kiunoni.

"Mwalimu, wimbo uko, ama twende tukaanike omena?"

Dishon akafungua kinywa ili aombe muda zaidi. Kilichotoka ni kiitikio. Njoo hata mikono mitupu, mlango Bwana hajaufunga. Sauti ikapanda pale pale, ikachungulia ukuta ule ule, ikashuka. Emmaculate akajishika mikono, vinyweleo vimesimama.

"Yawa! Mwalimu, hii umetoa wapi?"

Wizi wote ulifanyika katika neno moja lililofuata.

"Nimeshushiwa," akasema Dishon.

Na kusema kweli hakudanganya kabisa. Ulishuka, lakini kutoka kwenye mnara wa simu ulio pale juu ya kilima.

Wimbo ulipendwa Homa Bay, ukapendwa zaidi nyumbani. Mweka hazina alikataa tu usiimbwe wakati wa sadaka, akisema watu wakishaambiwa waje mikono mitupu watatii. Basi Pasta Nyamweya akaufanya wa kuita wenye dhambi mbele. Na walikuja! Walevi wawili wa Sori waliacha pombe kwa ajili ya ile "mitupu". Kila mtu alipopiga magoti akilia, Dishon, mikono hewani, aliona aibu ikimpanda mgongoni kama siafu. Alijiambia, kama wimbo unaokoa watu kuna ubaya gani? Halafu akajiambia kwamba hilo ndilo swali ambalo mwizi wa kuku huuliza akishashiba.

Trizah hakuwa na habari. Alikuwa Homa Bay akichanga pesa za studio. Hatimaye wimbo wake ukatoka, na ngoma na gitaa na kila kitu. Bodaboda wa Karungu waliupokea kama sukari. Emmaculate aliusikia dukani akinunua sabuni, akaacha sabuni.

"Wametuibia!" alifika kisiagini akihema. "Mwalimu, mtoto wa Pamela ametuibia wimbo wa kanisa ameupeleka baa!"

Dishon alikuwa na unga usoni, na siku hiyo alishukuru, kwa sababu unga haubadiliki rangi.

Wazee wa kanisa walikutana. Uamuzi ulikuwa mfupi: Trizah aje Jumapili atubu mbele ya watu, la sivyo mama yake aache uongozi wa akina mama. Mtu hawezi kuongoza wenzake wakati binti yake anaibia madhabahu.

Pamela hakulia wala hakugombana. Alibeba debe lake la mahindi akashuka kisiagini. Alisubiri yakasagwa. Kisha akasogea karibu na Dishon.

"Mwalimu, wewe ndiye unajua muziki. Niambie mimi peke yangu. Mtoto wangu ameiba?"

Dishon akaonyesha sikio, akaonyesha injini, akatikisa kichwa: sisikii. Pamela akatulia, akangoja azime. Hakuzima. Mahindi yalikwisha, hakukuwa na mteja mwingine, na injini ikaendelea kunguruma, vyuma vikisuguana vitupu, harufu ya moto ikaanza kutoka. Mwenye kisiagi yeyote anajua kuwa kuendesha kinu bila nafaka ni kukiua. Dishon alisimama akikiua kinu chake mwenyewe ili asisikie swali.

Pamela akaweka debe kichwani. Alipopita karibu na sikio lake alisema, bila kupaza sauti, na yeye akasikia kila neno.

"Kinu kinasaga hewa, Mwalimu."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka dirishani. Trizah alisimama mbele, kitambaa kichwani, macho makavu. Pasta Nyamweya, mtu wa haki lakini mwenye haraka ya chakula cha mchana, akamuuliza kama wimbo ni wake.

"Ni wangu, Pasta. Niliutunga nyumbani kwa mama. Simu niliyorekodia ilianguka ziwani."

"Ziwa limekula ushahidi!" akasema Emmaculate, na watu wakacheka.

"Yuko wa kukushuhudia?" akauliza Pasta.

Trizah akageuka, akamtazama Dishon.

"Mwalimu anajua."

Shingo zote zikageuka. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati la Dishon, juu ya moyo, na wimbo umo ndani pamoja na bata wake. Ilikuwa kazi ya kuitoa tu. Akasimama. Akafungua kinywa. Na kama siku ile ya mazoezi, kikatoka kitu kingine.

"Ndugu zangu," akaanza, "ni nani humu ndani haujui huu wimbo wa baa? Ainue mkono."

Hakuna mkono.

"Emmaculate, juzi ukisugua sufuria ulikuwa unaimba nini? Usiniangalie hivyo, sufuria zilisikia. Mzee wa kanisa, simu yako ikiita inalia nini? Tunajifanya hizi nyimbo ni takataka, na tunazifuata na masikio kama paka na samaki. Kwani kufurahi kuna kosa gani? Mguu haujui kama ngoma imewekewa mikono au haijawekewa. Mtu ameamka saa za alfajiri, ameanika omena, kunguru wamekula nusu, mvua imeharibu nusu. Halafu redio inampigia wimbo mwepesi, anatingisha bega. Bega moja! Mnataka kumnyang'anya hilo bega?"

Watu walikuwa wakicheka sasa, wakipigana makofi mikononi. Dishon akapata moto.

"Na hii habari ya nani ameiga nani. Mpiga nyatiti alimwiga baba yake, baba yake alimwiga ndege. Pambio zetu wamisheni walikuja nazo kwenye masanduku, na huko kwao walikuwa wakiziimbia nini, nani aliuliza? Kinanda chetu hapa kikiachwa peke yake kinapiga rumba. Wimbo ni kama kuomba moto kwa jirani. Unachukua kaa, unapika chakula chako, na moto wa jirani hauzimiki. Mwacheni mtoto."

Kanisa likalipuka. Ilikuwa hotuba nzuri kuliko zote alizowahi kutoa, na kila neno lake alikuwa akiliamini. Ubaya ni kwamba maneno yote hayo ya kweli alikuwa ameyakodisha yabebe uongo mmoja.

Pasta Nyamweya akapangusa macho kwa kucheka. "Mmesikia. Mwenye wimbo mwenyewe amesamehe, sisi ni nani? Mama Trizah ataendelea na kazi yake. Trizah, mshukuru Mwalimu."

Msichana akatembea mpaka kwenye kwaya. Akatoa mkono. Ulikuwa baridi kama samaki.

"Ero kamano, Mwalimu. Asante kwa kunisamehe."

Tangu siku hiyo Dishon hakuweza kuimba kisiagini. Alichomeka nyaya, akafungua koo, na hakuna kilichotoka. Nyimbo zote nyepesi alizozitetea kwa ushujaa zilikuwa na ladha ya mkono ule baridi. Wateja wakasema Mwalimu amepoa, siku hizi hata haombi.

Jumamosi moja akafunga kisiagi akaenda Homa Bay, ambako Trizah alikuwa na bendi mchana kwenye hoteli ya kando ya ziwa. Dishon alikuwa amepata akili, au alidhani amepata. Huku kwetu kuna pakruok. Ngoma ikiwa imekolea, mtu akitaka kujisifu anapeleka pesa kidogo jukwaani, muziki unakatwa papo hapo, anapewa maiki. Atajisifu yeye, shemeji zake, ng'ombe wake, halafu ngoma inaendelea. Dishon akaona hapo ndipo mahali: mbele ya umati, maiki mkononi, wimbo wenyewe umesimama ukimsubiri. Atasema na watasikia.

Aliyemtangulia alikuwa jamaa mfupi aliyetangaza kwamba ziwa haliwezi kupiga wimbi bila kumuomba ruhusa. Watu wakashangilia. Kisha Trizah akaanza kiitikio, na Dishon akasogea, akatoa kitu, muziki ukakatika.

"Mimi ni Dishon," akasema, "mwalimu wa kwaya, Karungu. Huu wimbo ni wa Trizah, nyar Pamela. Mimi niliuiba nikaupeleka kanisani."

Halafu hoteli ikapasuka.

"Jakwo! Mwizi!" akapiga kelele emsii, kijana anaitwa Bonface, akiruka juu ya spika. "Mmesikia wizi huo? Wengine wanaiba kuku! Huyu ameibia shetani, akampelekea Mungu!"

"Jakwo! Jakwo!" umati ukaitikia kwa furaha.

"Si mchezo, ni kweli!" Dishon akalia kwenye maiki.

"Anasema ni kweli!" Bonface akashika kichwa. "Na bado hajashikwa! Ngoma!"

Ngoma ikalia. Mama mmoja mnene akaja akicheza mpaka mbele yake, akambandika noti kwenye paji la uso lililolowa jasho. Mwingine akafuata. Dishon alikuja kutubu, akatuzwa.

Bendi ilipopumzika alimkuta Trizah nyuma ya jukwaa, ameketi juu ya kreti ya soda. Alikuwa amecheka mpaka machozi, lakini alipomwona kicheko kikakauka.

"Hapa watu hulipa wapate kusema uongo, Mwalimu. Ungetangaza umezaliwa na kiboko wangekushangilia. Pale nyumbani kusema kweli ni bure, na bado ilikushinda."

"Wimbo wako ni mzuri, nyathina," Dishon akasema.

"Uliniambia nifute."

"Mimi sikufuta."

"Najua." Akaokota kizibo cha soda, akakigeuzageuza. "Umenisimamisha kwenye kwaya yako utoto wangu wote, ukisema niangalie mdomo wako, maneno nitayapata hapo. Unafikiri injini inaziba mdomo? Nilileta mahindi ya mama kisiagini wakati wa mvua. Nikakuona. Macho umefumba, unaimba wimbo wangu, neno kwa neno, na ukifika kwenye ile 'mitupu' kidevu kinapanda nayo mpaka juu."

Dishon akazikunja zile noti mkononi.

"Ndiyo nikaenda studio," akasema Trizah. "Nilisema, kama huyu mtu anayechukia kila kitu anaweza kuupenda hivi, basi uko sawa. Ndiyo maana pale kanisani nilisema unajua. Nilikuwa na hakika utasema." Akasimama, akapangusa sketi. "Rudisha hizo noti kwa bendi ukitoka."

Jumapili iliyofuata Pasta Nyamweya alipoita wenye dhambi mbele, kwaya ikasimama kuimba kama kawaida. Dishon hakuinua mikono. Alienda kwenye spika ya kanisa, akachomeka simu yake.

"Kabla hatujaimba," akasema, "msikie wimbo huu ulikotoka."

Akabonyeza. Bata wakapiga kelele ndani ya kanisa. Watoto wakacheka. Kisha sauti ya Trizah, changa, bila ngoma wala gitaa, ikaanza habari ya kijana wa Osiri, ikafika kwenye kiitikio, ikapanda, ikakaa ukutani, ikashuka. Hakuna aliyekuwa akicheka tena. Dishon alikusudia kuishia hapo. Alikuwa na maneno yake ya kutubu, ameyapanga vizuri, yenye unyenyekevu na mwisho mtamu. Lakini simu hizi ujumbe mmoja wa sauti ukiisha hucheza unaofuata, na kabla hajauzuia, spika ikanguruma kwa sauti ambayo kila mtu mle ndani aliijua.

"Nyathina, huu ni upuuzi wa dunia. Hakuna kipya hapo. Futa."

Yale maneno aliyoyapanga yakapotea yote.

"Niliiba," akasema. "Sikushushiwa chochote. Nilimwambia afute, nikaiba, halafu nikamsamehe mbele yenu."

Pasta Nyamweya alisafisha koo, akalisafisha tena. Emmaculate, ambaye hajui kunong'ona, alijaribu kunong'ona.

"Ndiyo maana ilikuwa juu hivyo. Ni wimbo wa msichana."

Pamela akasimama katika safu ya akina mama. Dishon akangoja, alitamani amtukane, ingemfaa sana atukanwe. Pamela hakumtazama hata kidogo. Alitazama spika.

"Rudisha nyuma," akasema. "Pale pa mtoto wangu."

Dishon akarudisha. Bata wakalia tena. Akina mama wakaanza kupiga makofi taratibu, kisha kwaya ikaingia yenyewe, bila mtu wa kuiongoza, na safari hii waliimba yale maneno ya kwanza, ya kijana wa Osiri na mlango usiofungwa. Dishon alisimama kando ya spika, kidole juu ya simu tayari kuuzuia ule ujumbe wa pili. Hakuna aliyemwambia atoke, wala aliyemwambia aimbe. Ndani ya kiatu kidole chake cha mguu kilikuwa kikipiga, na kwa mara ya kwanza maishani alijaribu kukituliza, kikakataa.